Isale ya picha

Leipzig, 2 Novemba

Mama mpenzi, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Kwamba Baba Neema amerudi kundini, ametubu mbele ya usharika, mchungaji amemtangazia msamaha na Jumapili hiyohiyo akala Chakula cha Bwana. Ukanisomea na Zaburi ya 103, kwamba dhambi zake zimewekwa mbali kama mashariki na magharibi. Kisha, kabla sijameza mate, ukasema ada ya Neema haijapatikana.

Mama, na mimi nilipata kipaimara. Msamaha ni bure, kwa neema, haununuliwi, hilo nalijua. Ila hata Zakayo, Yesu akiwa ameshaingia nyumbani kwake, alisema atarudisha mara nne. Huyu wetu amerudisha nini? Hela niliyomtumia ya saruji na vigae vya kaburi la Baba aliimalizia kwenye mikeka ya kubashiri mpira, na kaburi ni udongo mtupu hadi leo. Halafu ananitumia isale, lile jani ambalo Mchagga huomba nalo msamaha, kwenye simu. Picha ya isale, Mama! Angekuwepo Baba angecheka hadi akohoe.

Huku niko salama. Baridi imeanza, kazi za usiku zipo, Mungu anasaidia. Juzi tarehe 31 ilikuwa Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa, kazi hakuna, na kanisani wakanipa nisome somo. Kijerumani kitupu, sikukwama hata neno moja! Mji huu ndio uliotuma wamisionari waliofika Machame mwaka 1893, na sasa mtoto wako ndiye anayewasomea Neno. Rekodi iko kwa Mama Mdogo, mwambie awasikilizishe na wale wa upande wa Mangi.

Baada ya ibada mchungaji akatueleza habari za Tetzel, yule mtawa aliyekuwa akiuza vyeti vya rehema, watu wanunue kuondolewa adhabu ya dhambi, hela inakwenda Roma kujenga kanisa la Mtakatifu Petro na nyingine kulipa madeni ya Askofu Mkuu Albrecht. Ndiye aliyemchokoza Luther hadi akaandika zile hoja 95 mwaka 1517. Sikujua kwamba alifia hapahapa Leipzig, mwaka 1519, watu wamempa kisogo. Na aliyemwandikia barua ya kumfariji kitandani ni Luther mwenyewe, kumwambia asijitese, ugomvi ule haukuanzia kwake.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, tramu nikaiacha.

Baba alipofariki sikuja. Niliwaambia kazini wamekataa ruhusa. Sikuwaomba, Mama. Niliogopa kumwona. Aliuza ng'ombe wawili nipate nauli, nikamwahidi miaka miwili, ikawa tisa. Ndiyo maana vigae nilitaka vile vya bei mbaya, vyeusi, vya kung'aa, ukoo mzima uvione. Kile kilikuwa cheti changu cha rehema, na Baba Neema ndiye aliyekila. Hasira zote hizi, nadhani ni kwa sababu hiyo.

Sijui kama Mungu amenisamehe. Yaani, kwa Katekisimo najua, 1 Yohana 1:9 naweza kukutamkia usingizini. Lakini sikuwahi kuiungama kwa mtu. Wewe ndiye wa kwanza.

Ombi la tano la Baba Yetu, lile la utusamehe makosa yetu, Luther akilieleza kwenye Katekisimo hakuishia kwenye kusamehe tu. Ameweka na kuwatendea mema waliotukosea, tena kwa moyo. Wewe ulilijua hilo ulipoitaja ada, nakufahamu.

Basi, ada ya Neema nimeituma yote, na ya sare. Nimeipitisha kwenye simu ya Mama Mdogo. Ya Baba Neema hapana, bado sijafika huko.

Vigae nitanunua mwenyewe Moshi, Desemba nikija, vya kawaida tu. Yeye ni fundi, atavipanga bila malipo. Na isale ya kwenye simu siipokei. Ailete mbichi, aje nayo uwanja wa ndege, KIA, anikabidhi mkononi.

Niwekee ndizi za mtori.

Mwanao