Usimwache Mzee anunue kontroli boksi

Lugoba, Jumanne usiku

Kwako ndugu yangu Baba Zuhura,

Salamu nyingi zikufikie wewe, Mama Zuhura na watoto. Sisi huku ni wazima, ingawa vumbi la kokoto limetukausha vifua. Tangu tuachane msibani sijakuandikia, na lawama hiyo naipokea. Leo nimekutafuta kwa simu tangu alasiri na hupatikani, kwa hiyo nakuandikia ili uisome barua hii mara tu utakapowasha simu. Mzee anapanda basi la alfajiri kuja huko. Ana fedha mfukoni, na amekusudia kununua hapo Gerezani kontroli boksi ya mtumba, yaani kompyuta ya injini, kwa ajili ya ekskaveta yake. Nakuomba sana, akifika mkalishe, mpe chai, na usimwache anunue.

Mashine ni ile ile ya tani 20 iliyoshuka bandarini ikiwa na saa 9,400 za kazi kwenye mita, yenye injini ya silinda 6 ya komoni reli, ile ambayo bomba moja la presha kubwa, yaani reli, hulisha nozeli zote dizeli. Wiki mbili zilizopita ilianza kukosa nguvu: opereta akizamisha ndoo kwenye mwamba, injini inashuka na haipandi tena, na skrini inajaa kodi za hitilafu. Fundi aliyeitwa kabla yangu alisoma mstari wa kwanza tu, SPN 157, yaani presha ya dizeli kwenye reli, akamwambia Mzee kuwa sensa, kile kifaa kinachopima presha hiyo, imekufa. Ikanunuliwa mpya, kodi ikarudi. Ikanunuliwa ya pili, kodi ikarudi vile vile. Ndipo likazuka hili neno la kontroli boksi.

Mimi niliomba kwanza nisome orodha nzima. Zilikuwa kodi nne: 157, kisha 100 ya presha ya oili, kisha 102 ya presha ya hewa ya turbo, na chini kabisa, mahali ambapo hakuna aliyejisumbua kufika, ilikuwapo 3509. Zote nne zilifuatwa na FMI 4. Wewe huhitaji kuelezwa, lakini naeleza kwa kirefu ili umsomee Mzee: namba ya kwanza, SPN, inataja ni njia ipi, na ya pili, FMI, inataja kontroli boksi imeona nini kwenye njia hiyo. FMI 3 ni volti iliyopanda kupita kiasi, FMI 4 ni volti iliyoshuka kupita kiasi. Na 3509 ni ule umeme wa volti 5 ambao kontroli boksi inazigawia sensa zenyewe. Sensa tatu zilizonyimwa chakula kutoka chungu kimoja zitalia kwa pamoja, na ukizibadilisha zote tatu zitalia vile vile.

Nikachomoa soketi ya sensa ya reli, nikawasha swichi bila kuwasha injini, nikapima pini ya kulishia. Palipotakiwa volti 5 palikuwa na 0.3. Nikachomoa soketi ya sensa ya oili, kisha ya turbo, moja baada ya nyingine, nikitazamia kwamba kama mojawapo imekufa kwa ndani na inauvuta umeme chini, basi ikitoka volti zitarudi. Hazikurudi. Hapo nikajua tatizo limo ama ndani ya waya ama ndani ya kontroli boksi yenyewe. Nikazima, nikatoa betri, nikachomoa soketi kubwa ya kontroli boksi, nikaiweka multimita kwenye mlio kati ya waya wa volti 5 na bodi ya mashine. Ikalia, yaani waya unagusa chuma mahali fulani. Nikaanza kulitikisa fungu la nyaya kwa mkono, shubiri kwa shubiri, kijana ameshika multimita. Nilipoliinua nyuma ya injini, pale linapopita kwenye breketi juu ya stata, mlio ukakata. Nikalishusha, ukarudi. Bushi ya mpira ya breketi ile haikuwapo kabisa. Chuma kilikuwa kimekula tepu, kikala ngozi ya waya, na shaba ilionekana iking'aa, upana wa punje moja ya mchele. Baba Zuhura, gharama yote ile, na siku zote zile za mashine kulala, ni punje moja ya mchele.

Nimeuunga kwa risasi, nimeuvika, na kwa muda nimezungushia kipande cha mpira wa tairi la baiskeli. Volti sasa ni 4.98. Leo imechimba mwamba saa sita mfululizo, na hakuna kodi iliyorudi.

Jioni nimemweleza Mzee haya yote. Amenisikiliza kwa adabu, lakini ameshaambiwa mara mbili kwamba mashine imepona, na imani imemwisha. Anaogopa itazima tena Ijumaa akiwa na kazi ya watu mkononi. Neno lako kwake ni zito kuliko langu. Zaidi ya neno, mwonyeshe kwa macho: sensa mbili zilizotolewa anazo kwenye mfuko wake. Zilishe volti 5 hapo mezani kwako, umshikishe multimita mwenyewe aone kila moja ikirudisha karibu nusu volti, kama inavyopaswa pasipo presha. Mimi nimezipima, zote mbili ni nzima. Kinachoniuma zaidi ya fedha ni kwamba reli ile ilifunguliwa mara mbili katikati ya vumbi la mashine ya kusaga kokoto, na wewe unajua chembe moja inavyoweza kuharibu nozeli zinazofanya kazi kwenye presha ya zaidi ya bar 1,000.

Akirudi, naomba umpe bushi mbili za mpira, mita moja ya ule mpira unaobana kwa moto, na soketi ya pini tatu yenye mikia yake kutoka kwenye mashine iliyokatwa, kwa sababu ile ya sensa ya oili imeota kutu ya kijani na sitaki inirudishe hapa mwezi ujao.

Sasa nijibu haya. Je, unao mchoro wa pini za kontroli boksi ya mashine hii? Unaonaje, nipitishe waya mpya wa volti 5 wote mzima, au kiungo changu kinatosha? Mashine ile ya Mkuranga uliyoniambia, nayo ililiwa kwenye breketi hii hii? Na wale waliokuwa wakiiuza hii, unadhani walifuta kodi kabla ya mnada? Mimi nilishangaa tangu siku ya kwanza kukuta kumbukumbu tupu kwenye mashine ya saa 9,400.

Mzee akishuka tu kwako nipigie, hata kama ni usiku.

Ni mimi, fundi mwenzio,
Baba Salha