Barua kwa mwanangu Zuhura: begi la kupanda nalo ndege

Ilala, Dar es Salaam

Mwanangu Zuhura,

Huku hatujambo, mama yako na wadogo zako wote wazima. Hongera tena kwa kazi mpya. Picha ya begi uliyonitumia nimeiona. Ni zuri na linang'aa, lakini nakuomba usilinunue mpaka umalize kusoma barua hii. Kazi yako sasa ni ya kupanda ndege kila mwezi, mara Dar, mara Dodoma, mara Addis Ababa, na begi la kazi hiyo si sawa na begi la kwenda harusini Tanga mara moja kwa mwaka.

Wauza maduka wanayajua mabegi yakiwa mapya. Mimi fundi huletewa yakishakufa, na yanakufa kwa njia zilezile: tairi, mkono wa kuvutia, zipu. Ganda kupasuka ni mara chache kuliko watu wanavyodhani. Kwa hiyo jambo ninalotaka ulishike ni hili: tafuta begi linaloweza kufunguliwa na kutengenezwa. Lisiloharibika halipo, hasa kwa mtu anayesafiri kama wewe. Lakini kuna begi ambalo fundi atalibadilisha tairi ukiwa umekaa kwenye benchi unakunywa chai, na kuna jingine utalitupa zima kwa sababu ya kipande cha plastiki kisichozidi kidole.

Ukifika dukani, kabla hata ya kuuliza bei, lipindue matairi yatazame juu. Angalia yamefungwa kwa nini. Ukiona vichwa vya skrubu, hapo pana matumaini. Ukiona ribiti, au usipoona kitu chochote, fungua begi utafute zipu ndogo kwenye bitana. Mabegi yaliyotengenezwa na watu makini huwa nayo. Ingiza mkono mpaka kwenye kona, utazigusa skrubu kwa ndani. Bitana ikiwa imegundishwa pande zote, fundi atalazimika kuichana ndipo alifikie tairi, na bitana iliyochanwa hairudi ilivyokuwa hata kwa fundi mzuri.

Sasa, matairi mawili au manne? Najua lile la kwenye picha lina manne, na najua kwa nini umelipenda. Kwenye sakafu ya Terminal 3 pale uwanja wa ndege wa Dar unalisukuma kwa kidole linatembea lenyewe pembeni yako. Lakini yatazame kwa karibu. Kila tairi linaning'inia kwenye kiuma kidogo cha plastiki, na kiuma kinazunguka kwenye pini moja. Vyote vimetokeza nje ya begi. Begi likiangushwa kwa kona, au ukilivuta kwa ubavu kulipandisha ukingo wa barabara, nguvu yote inaishia kwenye ile pini. Pale mezani kwangu viuma vilivyokatika ndivyo vingi kuliko kitu kingine chochote.

Matairi mawili yamezama ndani ya kona za begi. Huwa makubwa zaidi, ekseli imeshikwa pande zote mbili, na kokoto, mchanga au vigae vilivyong'oka vya kando ya barabara havilisumbui. Mpangilio huo, matairi mawili na mkono mrefu unaochomoka, ulibuniwa mwaka 1987 na rubani wa Marekani aitwaye Robert Plath, aliyekuwa akirusha ndege za Northwest Airlines. Alilitengeneza kwa maisha ya mtu anayeishi safarini, na wenzake wa kwenye ndege ndio waliokuwa wateja wake wa kwanza. Nikuambie ukweli, mtu mwenye maumivu ya bega au mgongo nitamshauri achukue manne, maana mawili lazima uliinamishe begi na uzito wake unauhisi mkononi. Wewe bega lako zima. Chukua mawili.

Tairi lenyewe nalo libonyeze kwa ukucha. Hili nakusisitizia kwa sababu ya hewa yetu ya pwani. Matairi mengi mazuri yana tabaka la polyurethane juu, aina ya plastiki kama mpira, laini, lisilopiga kelele. Nyenzo hiyo haipatani na joto likichanganyika na unyevu. Inalika taratibu hata begi likiwa limekaa stoo bila kutumika, na siku ukilivuta mara ya kwanza tairi linamomonyoka kama kashata. Ndiyo maana mtu ananunua begi zuri la mtumba pale soko la Karume, jina kubwa, kitambaa kizima, halafu halifiki hata kituo cha daladala. Mtumba siupingi, mwanangu, yapo mabegi ya mtumba yaliyoshonwa vizuri kuliko mapya ya Kariakoo. Lakini ukucha ukiacha alama isiyorudi, au tairi likinata, hesabu na bei ya matairi mapya ndani ya bei unayoambiwa.

Kipimo. Kariakoo wanauza kwa inchi, seti ya matatu, 20, 24 na 28, na watakuambia ya 20 ndiyo ya kuingia nayo ndani ya ndege. Usiishie hapo. Inchi 20 ni kama sentimita 51, na mara nyingi ni kipimo cha ganda tu, bila matairi wala mshikio wa juu. Shirika la ndege linapima vyote. Ethiopian wanaruhusu 55 kwa 40 kwa 23, KLM 55 kwa 35 kwa 25, na Qatar Airways 50 kwa 37 kwa 25, yaani begi la 55 linalokubalika kwa wengine, kwa Qatar limeshazidi urefu. Nenda na futi yako na upime kuanzia sakafuni. Hapo pia matairi manne yanakuibia: yanachukua sentimita kadhaa za urefu ambazo zingekuwa nafasi ya viatu.

Uzito ndio unaoumiza zaidi. Emirates, Qatar na Ethiopian daraja la kawaida ni kilo 7. Begi gumu la matairi manne lenye kilo 3 na ushee limeshakula karibu nusu kabla hujaweka hata kanga. Kwa hiyo usinunue uimara kwa kuangalia unene, maana begi zito si lazima liwe imara. Tafuta lisilozidi kilo 2 na nusu, na ulipime dukani kwa mizani ya mkono, usiamini karatasi iliyoning'inizwa.

Kuhusu ganda, mabegi magumu ya bei ya chini mengi ni ya plastiki iitwayo ABS. Inang'aa, lakini ni kavu, na hupasukia kwenye kona. Plastiki ya polikaboneti, yaani PC, inanyumbulika: bonyeza ubavu wa begi kwa kiganja, ubonyee, halafu uachie, ukirudi wenyewe bila alama nyeupe, hapo sawa. Kuwa macho na lebo iliyoandikwa "ABS+PC", mara nyingi polikaboneti humo ni ngozi nyembamba tu ya juu. Plastiki ya polipropilini nayo ni nyepesi na haipasuki ovyo, ila ikipasuka gundi haiishiki. Lazima niyeyushe kwa moto, na kovu linabaki.

Lakini mimi kwa safari zako ningechukua la kitambaa. Naili nzito ile inayoandikwa 1680D, namba ya unene wa uzi, inavumilia kusuguliwa miaka mingi, ikichanika nashona, ina mifuko ya nje ya kuweka nyaraka, na inabonyea kidogo ikisukumwa kwenye nafasi finyu. Polyester ya 600D ndiyo iliyojaa madukani. Si mbaya, ila kwenye kona huisha mapema. Kizuri cha begi gumu ni kwamba halipitishi mvua haraka, na mwezi wa nne hapa Dar hilo si dogo. Kifuniko cha mvua cha kuvisha begi kitakusaidia.

Mkono wa kuvutia uvute mpaka mwisho, kisha uutikise kushoto na kulia. Kucheza kidogo ni kawaida, hata mizuri inacheza. Kinachotakiwa ni usigonge na usijikunje ukiuegemea. Fungua na ufunge mara nyingi, muuzaji akikununia mwache anune. Kitufe kikikwama dukani, begi likiwa tupu, kitakwama zaidi likijaa. Nyingi huharibikia kwenye pini ndogo za kufungia zilizo ndani ya bomba, na hapo tunarudi kwenye lile la skrubu.

Zipu: soma mgongo wa kichwa chake. Namba 8 au 10 kwa mlango mkuu, namba 5 ni ya mifuko midogo. Ukikuta YKK, vizuri, ila ujue inaigwa, kwa hiyo ivute kuzunguka kona zote usikie kama inaenda kwa ulaini. Ya koili ya naili, ambayo meno yake ni uzi uliojiviringisha, ndiyo naipenda kwa begi, kwa sababu ikiachia naweza kubadilisha kichwa tu ikarudi kufunga. Ubaya wake, mtu mwenye kalamu ya wino anaweza kuitoboa katikati hata kama umetia kufuli, halafu akairudisha kama haikuguswa. Kwa hiyo dhahabu, dawa na laptop visikae kwenye begi ambalo linaweza kutoka mkononi mwako.

Na litatoka. Ndege unazopanda kuja Dar, ATR 72 za Precision na Q400 za Air Tanzania, rafu zake za juu ni ndogo. Begi linaloingia vizuri kwenye Airbus litachukuliwa mlangoni, litiwe tagi na kushushwa chini. Kuwa na mkoba mdogo ndani yake wenye vitu vya thamani, uuchomoe haraka. Pawabenki nayo itoke, haitakiwi kwenda chini na mizigo. Ya 20,000 mAh ni kama wati-saa 74, iko chini ya kikomo cha 100, hiyo haina tatizo ukiwa nayo ndani. Na begi lenye betri yake ya kuchajia simu usilinunue kama betri haichomoki.

Wakikupeleka mbugani kwa ndege ndogo ya Cessna Caravan, liache hilo begi nyumbani kabisa. Huko ni kilo 15 kwa jumla na begi laini lisilo na fremu.

Kila unapolikabidhi, lipige picha. Kwa safari za nje, Mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa siku 7 tangu ulipolipokea begi kulalamika kwa maandishi kama limeharibiwa, lakini usingoje: andikisha palepale uwanjani kabla hujatoka. Dukani dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Risiti nyingi zimeandikwa mali ikishauzwa hairudi, ila waranti ikiwepo, uliza begi linapelekwa wapi kutengenezwa. Waranti ya maisha ambayo kituo chake kiko Ulaya, kwako wewe uliyeko Mwanza, haifai kitu kama nauli ya kulipeleka inakaribia bei ya begi.

Rangi chagua mwenyewe. Mimi ningekuambia usichukue jeusi, yote ni meusi.

Ukija Jumamosi njoo mapema, saa mbili tuwe tumeshafika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kabla haijawa shida kupita. Beba laptop, viatu vya kazini na nguo za safari ya siku tatu. Tutazipakia ndani ya begi hapohapo dukani, tulivute likiwa na mzigo, si tupu. Mimi nitakuja na futi, mizani na bisibisi. Tukishalipata tutapita kwanza mezani kwangu, nikaze kila skrubu na nitie grisi kwenye beringi kabla hujapanda nalo ndege.

Mama yako anasema sato usisahau, na uwapakie mbali na nguo.

Baba yako