Kwa Mwanaisha, kuhusu mfarishi wa yule bibi

Ngamiani, Tanga
Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, ila joto tu. Mama anakusalimu sana na anauliza lini utakuja kula machungwa ya Muheza. Barua yako imefika salama na picha zote nimeziona. Nimefurahi mno kusikia kwamba wanawake wa Bagamoyo wameanza kukuletea kazi zao za kudarizi uwamalizie kwa cherehani, akiwemo yule bibi mwenye mfarishi, lile tandiko la kitanda la tabaka tatu. Lakini nimeona pia una woga, na huyo jirani aliyekuambia kwamba cherehani itamharibia bibi kazi yake ya mkono amekuzidishia. Nianze na yeye.

Mwambie atazame kofia. Kofia ya mkono hapa pwani mara nyingi hupita kwa watu kadhaa: mmoja huchora, mwingine hushona vijicho, mwingine huifua, akaitia wanga na kuisimamisha. Sijasikia mtu akisema kofia hiyo si ya mkono kwa kuwa haikumalizwa na mtu mmoja. Bibi amedarizi uso wa mfarishi wake, na kazi yake imekamilika. Kilichobaki ni kuushikanisha uso huo na ujazo wa kati na kitambaa cha chini, ili utandikwe, ufuliwe, ukae miaka. Kushikanisha tabaka tatu kwa mkono hula miezi, na macho ya bibi wa umri ule hayamruhusu tena. Huko Marekani wako mafundi wanaoishi kwa kazi hii peke yake. Wanawake wengine hutengeneza nyuso za mifarishi, wao huzipokea na kuzimalizia kwa cherehani zenye mkono mrefu, zinazotembea juu ya reli huku kitambaa kimetandazwa na kuvutwa. Wao husukuma cherehani, sisi tunasukuma kitambaa. Ila adabu ya kazi ni moja.

Na adabu yenyewe ni hii, nakuomba uishike kuliko yote nitakayoandika: sindano yako isipite juu ya uzi wa bibi. Uzi wa kudarizi una nyuzi ndogo sita zilizosokotwa pamoja, na mdarizi huchambua mbili au tatu akafanya nazo kazi. Uzi huo umelala juu ya kitambaa, haujajificha ndani. Sindano ya cherehani ikiuchoma huupasua, na ukikatika hutaweza kuurudisha ulivyokuwa. Hata usipokatika, mstari wa cherehani huligandamiza ua lililokuwa limeinuka. Ndiyo maana ule mchoro wa mawimbi unaoanza ukingo mmoja hadi wa pili haufai hapa. Ni wa haraka na ni rahisi, unafaa sana kwa mfarishi wa vipande vya vitenge, lakini juu ya darizi unapita katikati ya uso wa ua kana kwamba halipo. Mteja akikwambia "pitisha tu mawimbi, nina haraka," mkatalie kwa upole. Najua ni vigumu kumkatalia mteja ukiwa ndiyo kwanza unaanza. Mkatalie hivyo hivyo.

Sasa mfarishi wa bibi. Kabla hujafanya lolote, ugeuze. Mgongo wa darizi husema mengi kuliko uso. Katika picha yako ya tatu nimeona uzi mwekundu umeruka kutoka waridi moja hadi jingine kwa nyuma, karibu shubiri nzima. Kitambaa ni cheupe na chepesi, basi ukikilaza juu ya ujazo mweupe, ule wekundu utaonekana kama mshipa chini ya ngozi. Inabidi ukatwe na ncha zake zifungwe vizuri kwa nyuma, lakini usikate mpaka bibi mwenyewe akubali, naye akiwa ameketi mbele yako.

Kisha rangi. Chovya kitambaa cheupe kwenye maji baridi, kikamue, kikandamize juu ya nyekundu, zambarau na buluu iliyokoza. Kikitoka na rangi hata kidogo, simama hapo hapo na umjulishe. Akiridhia, uso huo usuuzwe peke yake kwa maji baridi, tena na tena, hadi maji yatoke meupe. Rangi ikichuja baada ya tabaka kushonwa, huingia kwenye ujazo na kitambaa cha chini, na hapo hakuna wa kuitoa.

Nimeona pia mistari ya buluu kuzunguka wale tausi wawili wa katikati. Muulize aliichora kwa kitu gani. Kama ni kalamu ile inayofutika kwa maji, iondoe kwa maji baridi kabla pasi haijagusa kitambaa, maana moto huigandisha. Na pasi yenyewe upige kwa nyuma, darizi ikiwa imelala kifudifudi juu ya taulo nene. Darizi huzama kwenye taulo na kubaki imenyanyuka.

Kuhusu ujazo, sufi usiitie. Kwenye mto na godoro ni neema, lakini ndani ya mfarishi hukimbilia pembeni ikajikusanya mabonge. Kwa joto letu hili mimi natumia blanketi jembamba la pamba, lililofuliwa kwanza kwa maji ya moto na kukauka, kwa kuwa pamba hunywea, na ikinywea ndani ya mfarishi uso wote hukunjamana.

Umesema bibi anataka kanga za marehemu mama yake ziwe kitambaa cha chini. Wazo hilo limenigusa sana, nami ningelifanya kwa moyo wote. Ila piga hesabu mapema. Mfarishi ni futi 7 kwa 8, na kitambaa cha chini sharti kizidi inchi 4 kila upande, ndiyo kusema futi 7 na inchi 8 kwa futi 8 na inchi 8. Kanga moja ni kama sentimita 150 kwa 110. Doti moja haitoshi. Doti mbili, kanga zote nne zikiunganishwa, zinakupa upande mmoja wa kutosha, lakini upande wa pili utapungua inchi chache, uongeze ukanda wa kitambaa cha marekani. Uweke ukanda huo pembeni, halafu panga majina ya kanga yasiangukie kwenye maungio. Kwenye bobini, inayoshona upande wa chini, tumia uzi wa rangi inayofanana na kanga, ili anayeugeuza mfarishi aendelee kuyasoma. Kama zina wanga bado, zifuliwe kwanza.

Tabaka zote tatu zipige bandi kwa mkono, ile mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, kuanzia katikati kwenda nje, bandi ipite kwenye kitambaa kitupu na si kwenye maua. Pini zinafaa kwa saa chache. Usizilaze humo usiku kucha, upepo wa bahari unazitia kutu, na doa la kutu kwenye kitambaa cheupe unalijua.

Ukija kushona, shusha meno ya cherehani, yale yanayovuta kitambaa, ili ukisukume mwenyewe. Kama yako hayashuki, weka urefu wa mshono sifuri na uyafunike kwa kadi ngumu yenye tundu la sindano. Tia sindano mpya, namba 11 au 14, na uzi wa rangi ya kitambaa, usishindane na rangi za bibi. Hiyo cherehani yako ya Butterfly ya kukanyaga usiione duni. Kwa kazi hii naipenda kuliko ya umeme, kwa sababu mkono ukiwa kwenye gurudumu unaweza kushona mshono mmoja, ukasimama, ukatazama, ukaendelea.

Anzia kati ya wale tausi. Zunguka kila umbo kwa nafasi ya punje ya mchele kutoka kwenye uzi wake. Ukimaliza maumbo ndipo urudi kujaza sehemu tupu kwa mikunjo midogo. Hapo ndipo utaona raha ya kazi hii, maana kadiri unavyoshona pembeni, ndivyo ua linavyoinuka. Lakini tausi ni wakubwa. Ukiwaacha watupu kabisa huku pembeni umeshona kwa kubana, watavimba na kulegea wakifuliwa. Tafuta mahali ambapo kitambaa kimeachwa wazi, baina ya bawa na mwili, baina ya unyoya na unyoya, upitishe mstari humo. Mdarizi mzuri huacha njia nyingi za namna hiyo, na bibi huyu ni mdarizi mzuri kweli. Yale maneno "Lala salama" ya ukingoni yazungushie kwa pamoja, usihangaike na herufi moja moja. Na ubanaji wa mishono uwe sawa mfarishi mzima, la sivyo kingo zitapiga mawimbi.

Bei. Pima kwa futi za mraba, huu ni 56, na darizi iwe ghali kuliko mfarishi wa kawaida, maana muda mwingi utautumia kukwepa. Mpe bei kabla hajaondoka. Wapo watakaokwambia cherehani ndiyo inayofanya kazi. Waoneshe picha za mgongo na uso, wataelewa. Na kazi za maharusi za kuletwa wiki ya mwisho usizipokee.

Jambo moja nakusihi: kwenye pembe ya nyuma shona jina la bibi kuwa ndiye aliyedarizi, na mwaka. La kwako liwe chini yake, kama ataridhia. Mifarishi mingi mizuri imebaki haina jina la mwanamke aliyeifanya, na mimi hilo linaniuma.

Mguu wa cherehani wa duara, ule uliofungwa mbele usionase vifundo vya darizi, nakutumia Jumatano kwa basi linalotoka Kange na kupitia Msata. Cherehani zetu ni za aina moja, utaingia. Wewe nitumie picha ya mgongo wote, iliyopigwa mchana dirishani, na uniambie ile nyekundu imechuja au la. Usianze kukata kitu kabla sijakujibu.

Nisalimie watoto, na huyo bibi mwambie yupo mtu Tanga anayeipenda kazi yake.

Wako akupendaye,
Mama Rehema