Tusifundishe vigawo kwa kukaririsha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi walimu wenzangu wa Hisabati, hasa wa kidato cha pili, tusiwakabidhi wanafunzi njia ya kutafuta vigawo kwa makundi (yaani kuandika usemi kama 6x² + 11x − 10 kuwa zao la mabano mawili) kana kwamba ni amri isiyo na sababu. Katika madaftari ninayoyasahihisha kwenye masomo ya jioni hapa Ujiji, hatua zimepangwa vizuri, lakini ukimwuliza mwenye daftari kwa nini anazidisha namba ya kwanza kwa ya mwisho, anabaki kimya.

Tuchukue 6x² + 11x − 10. Tunazidisha 6 kwa −10 na kupata −60, kisha tunatafuta namba mbili zenye zao la −60 na jumla ya 11, nazo ni 15 na −4, hivyo tunaandika 6x² + 15x − 4x − 10. Kundi la kwanza linatoa 3x(2x + 5), la pili −2(2x + 5), na kwa kuwa 2x + 5 sasa ni kigawo cha shirika, yaani kimo katika makundi yote mawili, jibu ni (2x + 5)(3x − 2).

Wengi huanguka kwenye kundi la pili. Wanaandika −2(2x − 5), mabano yanakataa kufanana, nao wanafuta kazi yote na kuanza kubahatisha, ilhali wangefungua mabano hayo wangeona −4x + 10 mahali palipotakiwa −4x − 10, na kosa lenyewe ni alama moja tu.

Sababu ya njia hii inaenea ubaoni kwa mstari mmoja: (px + q)(rx + s) ni prx² + (ps + qr)x + qs, na ps ikizidishwa kwa qr inatoa pqrs, sawasawa na pr mara qs. Aliyeliona hilo haoni ajabu kwamba hata akitanguliza −4x kabla ya 15x jibu halibadiliki.

Naomba pia ukaguzi wa b² − 4ac, ambapo a, b na c ni namba za ax² + bx + c, ufundishwe siku hiyohiyo, usisubiri kanuni ya jumla ya kutatua milinganyo ya aina hii. Katika mfano wetu ni 121 + 240, yaani 361, ambayo ni 19 mara 19, kwa hiyo vigawo vya namba nzima vipo. Kwa 2x² + 5x + 1 tunapata 17, ambayo si namba nzima iliyozidishwa kwa yenyewe, na mwanafunzi anayejua hivyo hatapoteza dakika za mtihani akisaka namba mbili ambazo hazipo.

Mwalimu wa Hisabati,
Ujiji, Kigoma