Lugha ya kwanza ya programu ichaguliwe kwa kazi

Mhariri,

Swali la lugha ipi ya programu mwanafunzi aanze nayo huulizwa kana kwamba lugha zote zilibuniwa kwa kazi moja, ilhali C, aliyoitunga Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, ililenga mifumo endeshi (programu kuu zinazoendesha kompyuta), na JavaScript ya Brendan Eich, ya mwaka 1995, ilikusudiwa kurasa za wavuti. Mtengenezaji wa tovuti hawezi kuikwepa JavaScript, kwa kuwa ndiyo inayoeleweka moja kwa moja na vivinjari vyote vikuu. Anayevutiwa na uchambuzi wa data ataona Python, iliyotolewa mwaka 1991, ina alama chache za kumchanganya. Kwa simu za Android, Google imeipa lugha ya Kotlin kipaumbele tangu 2019.

Wapo wanaoshikilia kwamba bila C hakuna msingi. Hoja hiyo ina uzito kwa atakayeshughulikia kumbukumbu ya mashine, lakini kwa wengine (najua nitapingwa) C huwakatisha tamaa mapema. Kibaya zaidi ni kuhamahama kutoka lugha moja hadi nyingine kabla ya kukamilisha hata programu moja, kwani masharti (kuchagua hatua kulingana na hali), mizunguko (kurudia hatua) na upangaji wa data, mambo yanayofanana katika lugha hizi zote, hayashikiki kwa kusoma utangulizi tu.

Msomaji wako