Usikodishe mikarafuu kwanza

Fuoni, Unguja
Jumatano usiku

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sie huku wazima, Alhamdulillahi, ila mvua imetushika tangu juzi na njia ya kwetu imejaa maji mpaka mlangoni. Mama anaendeleaje na mguu? Mpe salamu zangu nyingi.

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu: jikoni, kwenye daladala, na jana usiku watoto walipokwisha lala. Unaniuliza kama uikodishe mikarafuu ya marehemu baba kwa misimu miwili upate ada ya kijana, na hapo hapo kijana mwenyewe anakwambia chuo hakina faida tena, kwani kazi zote zinahamia kwenye simu na kompyuta. Nilitaka kukujibu kwa sauti vile vile, nikaona hapana, hili ni la kukaa kitako. Jirani yetu anavuka Ijumaa kuja huko Pemba, yeye ndiye atakayekuletea barua hii.

Unakumbuka sie tulipomaliza Form Six hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja Visiwani. Tulifunga mizigo tukavuka kwenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na aliyerudi na digrii alipokewa bandarini kama haji. Wakati ule ile karatasi ndiyo ilikuwa ajira yenyewe. Ukirudi nayo tu, skuli inakungoja, wizara inakungoja. Halafu mwaka 1998 vikafunguliwa vyuo Tunguu na Chukwani, SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ikaundwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kusomesha 2001, na mwaka 2023 Wahindi wa Madras wakafungua tawi lao Bweleo, IIT (Taasisi ya Teknolojia ya India) ya kwanza nje ya India, wanasomesha sayansi ya data na akili mnemba. Kitu tulichokivukia bahari sasa mtoto anakifuata kwa daladala. Hilo ni jema kubwa, na nasomesha kwa sababu naliamini. Lakini sensa ya 2012 ilituhesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima, na ya 2022 ikatufikisha 1,889,773. Ofisi za serikali hazikui kwa kasi hiyo wala haziwezi. Wenye digrii tumekuwa wengi, viti ni vile vile.

Na ukisema hoteli, basi mkumbuke mpwa wangu. Machi 2020 ndege za watalii zilipositishwa kwa ajili ya korona, yeye na mwenzake walirudishwa nyumbani siku moja kutoka hoteli moja ya pwani. Yeye alikuwa na digrii ya utalii na kazi yake kuandika majina ya wageni kwenye kompyuta. Mwenzake alikuwa mpishi. Wiki ya pili yule mpishi alikuwa anauza sambusa mtaani, na mpwa wangu amekaa barazani anangoja simu. Alingoja miezi. Sikwambii hili kwa kuidharau digrii, nakwambia kwa sababu nilimwona usoni.

Sasa nikupe kisa kilichonikosesha usingizi mwaka huu.

Mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa kusini huku, mama yake mkulima wa mwani, aliniletea ripoti ya utafiti. Kurasa arubaini, Kiingereza safi, hakuna koma iliyokosewa. Ndani yake imeandikwa kuwa kotonii, ile aina ya mwani yenye bei nzuri, hustawi zaidi kwenye maji ya kina kifupi yenye joto kali. Nikasita. Nikaenda kutazama marejeo, nikachagua vitabu vitatu nikavitafuta. Havipo, havijapata kuandikwa na mtu yeyote. Nikajua ripoti imeandikwa na mashine.

Nikamwita ofisini. Nilikuwa nimekasirika, nimeshaitayarisha na barua ya kumpeleka kwenye kamati ya nidhamu. Lakini kabla sijaitoa nikamuuliza kwa Kiswahili, "Mama yako anapanda vipi?"

Shoga, yule kijana alibadilika mbele yangu. Akavua kamba ya kitambulisho shingoni, akafunga ncha moja kwenye mkono wa kiti na ncha nyengine kwenye komeo la droo yangu. "Hii ndiyo kamba," akasema, "na hapa na hapa ndipo pa vijiti." Akachana kipande cha karatasi akakisokota, akafunga kifuniko cha kalamu yangu katikati ya ile kamba kwa fundo legelege, akanionyesha kwa kidole kuwa taitai, ile kamba ndogo ya kufungia mwani, ikikazwa sana shina hukatika na mwani unachukuliwa na maji. Akanieleza kuwa wanashuka wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali, na kuwa wiki sita zikitimia wanavuna. Kisha akasema, na hapa sauti ilishuka, kwamba mama yake kotonii ameshaiacha. Maji yamekuwa ya moto, inageuka nyeupe na kukatika. Amebaki na spinosamu, aina nyengine ya mwani ambayo bei yake ni ndogo. Mama anajua mwaka utakuwa mbaya kwa namna nyayo zake zinavyohisi maji saa tano za asubuhi.

Nikamuuliza, "Mbona umeandika kinyume?"

Akasema, "Ticha, mie haya nayajua kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza sijui niyaanzie wapi."

Nimekaa na maneno hayo tangu siku ile. Mtoto ana elimu ya miaka thelathini ya kijiji chake, maana mwani ulianza kulimwa kibiashara huku Paje na Jambiani mwaka 1989, na sie tumemfundisha kuiona si elimu mpaka ivae lugha asiyoimudu. Alikimbilia mashine kwa hofu, si kwa uvivu. Na mashine ikampa Kiingereza, ikamnyang'anya ukweli aliokuwa nao.

Na mie nina sehemu yangu katika kosa hilo. Darasa langu la mwaka wa kwanza lina wanafunzi zaidi ya mia na themanini. Nikisahihisha karatasi zao usiku, naangalia kama kuna utangulizi, kama kuna marejeo, kama maneno yamepangika. Nikiviona hivyo natia alama naendelea. Ni ripoti ngapi kama ile nimezipitisha? Tangu inshaa ya kupendeza iwe kitu cha kupatikana bure kwenye simu, mwisho wa 2022, mtihani wa aina ile haupimi kitu. Na hatubadiliki upesi. Somo jipya linapita kwenye kikao cha idara, kitivo, kamati, seneti, na likitoka huko walioliomba wameshahitimu. Fildi, yale mafunzo ya kazini, ndiyo usiseme. Wiki nane mtoto yuko ofisini kwa watu anatoa fotokopi na kutumwa chai, halafu anaandikiwa kuwa amefanya vizuri sana.

Ile barua ya kamati niliichana. Nilimwambia aiandike upya ripoti, kwanza kwa Kiswahili, kisha tukakaa pamoja siku nne kuigeuza Kiingereza, sentensi kwa sentensi. Ilitoka kurasa kumi na nne. Nimesoma ripoti nyingi, lakini ile ndiyo ya kwanza iliyonifunza kitu. Tangu hapo kila mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu anakaa mbele yangu dakika kumi kuieleza kazi yake kwa lugha anayotaka. Wenzangu wengine wamenuna, wanasema inakula muda, na kweli inakula muda. Mwezi uliopita nilimaliza saa mbili za usiku siku tano mfululizo.

Huko baharini sasa wanataka kupeleka mwani kwenye maji marefu, ambako joto halijafika. Huko kunataka boti, kunataka mtu anayejua kuogelea, anayeweza kutumbukiza kipimajoto, kuandika, kulinganisha mwezi na mwezi, halafu kukaa chini na kina mama akawaeleza wakamfahamu. Kazi hiyo haina jina kwenye tangazo lolote la ajira, na kijana wangu yule ndiye anayeifaa. Kompyuta itamsaidia kupanga hesabu zake, wala simkatazi. Lakini lazima ajue inapokosea, na hilo atalijua kwa sababu ameshawahi kusimama kwenye yale maji.

Kwa hiyo kijana wako ana haki upande mmoja. Akija chuoni kutafuta karatasi ya kuombea kazi ya mezani, atapoteza miaka mitatu na nyinyi mtapoteza mikarafuu. Ila anakosea akidhani simu inamtosha. Mie namkumbuka alipokuwa na miaka kumi na tatu, amepiga magoti pale gatini Wete, amefungua mashine ya boti ya watu na skrubu amezipanga kwenye kanga yako kwa utaratibu, asipoteze hata moja. Mtoto yule anataka mahali pa kumfundisha kwa nini mashine inafanya vile inavyofanya. Kuna Taasisi ya Karume hapo Mbweni, wanasomesha ufundi na uhandisi. Aitazame hiyo kabla ya kukimbilia shahada yoyote kwa sababu jina lake linapendeza.

Na mikarafuu usikodishe. Unajua wewe kuliko mie vipi mkodishwaji anavyochuma. Mti si wake, mwakani hayupo, anavunja tawi zima ili apate vikonyo viwili. Baba yako alikuwa hamruhusu mtu kupanda na panga. Chuma wenyewe, lipa wachumaji kwa pishi kama siku zote, anika. Pesa ya msimu huu iwe ya kuanzia, na zilizobaki kijana aombe Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hapa Zanzibar, mie nitakaa naye tujaze fomu. Zikikosekana, alale kwangu. Chumba cha nyuma kipo tupu tangu binti aolewe, na kula kwake si mzigo.

Kabla ya yote, mlete. Bamvua lijalo linaangukia mwisho wa mwezi, na nimeshapanga na yule mwanafunzi wangu twende kwa mama yake tukashuke pamoja. Wana mashine moja ya boti imewakwama tangu Ramadhani na fundi wa mjini amewatajia bei isiyosemeka. Aje na spana zake. Niambie tu boti ya siku gani nije kumpokea bandarini Malindi, hapa mjini Unguja.

Kwenye mkoba wa jirani nimekutilia kanga doti moja, ile ya zambarau uliyoipenda. Nyengine ya Mama.

Ni mie shoga yako