Umekodi Fuso kuhama? Mizani inakuhusu

Wateja wengi wanaokodi gari kwetu kuhama kutoka Mtwara au Masasi kwenda Dar es Salaam hushangaa dereva akikata kona kuingia mizani. "Si vyombo vya ndani tu hivi?" Ndiyo, ila gari lolote lenye uzito wa kuanzia tani 3.5 lazima lipime, liwe limebeba makochi au ufuta. Mabasi yenyewe yanapima.

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, haiangalii jumla peke yake. Kila ekseli, yaani mhimili unaoshika matairi, ina kikomo chake. Kwa Fuso ya ekseli mbili, ya usukani mwisho tani 8, ya nyuma yenye matairi manne mwisho tani 10. Vitanda, friji na makabati havikufikishi huko. Balaa huletwa na ile "nafasi si imebaki?" Magodoro yamejaa nusu ya bodi, mwenye mali anakumbuka kiwanja chake Mbagala, anaongeza saruji. Mifuko 20 ya kilo 50 ni tani nzima. Mia moja ni tani tano, tena yote imerundikwa mlangoni kwa kuwa imekuja mwisho. Jumla inaweza kuwa haina tatizo, lakini ekseli ya nyuma ikazidi.

Likizidi, gari haliondoki hivi hivi. Kuna tozo, na mzigo upangwe upya au upunguzwe. Hapo ndipo kabati la kioo linashushwa juani pembeni ya lami ili saruji isogezwe mbele, na vibarua utakaowakuta pale bei wanapanga wao.

Kwa hiyo tuambie mzigo wote kabla ya siku ya kupakia, hata ule wa shemeji. Vizito tunaanza navyo, karibu na kichwa cha gari. Tukikosea kupanga, tozo ni yetu; ukiongeza mzigo bila kutuambia, ni yako.

Na tafadhali, usimbembeleze dereva azunguke mizani. Kukwepa ni kosa linalojitegemea hata kama uzito ulikuwa sawa, na namba iliyoandikwa pale ni ya gari letu.

Anayekuja na dereva wake tunamtaka awe na leseni ya magari makubwa, na risiti za mizani azirudishe pamoja na funguo.